Nywele za Ukuta

Mgeni aliyemtafuta kinyozi wa mtaa ule hakuhitaji kuelekezwa mara mbili. Aliambiwa ashuke na barabara mpaka aone ukuta ulioota nywele, na hapo hapo agonge mlango. Hawakutia chumvi. Nywele hizo zilikuwa mmea mtambaazi, na kinyozi aliuleta mwenyewe, kijiti cha urefu wa kalamu ndani ya kopo la rangi, akaupanda chini ya ukuta wa ua wake. Ukapanda. Ukafika juu, ukainamia kwa jirani, ukarudi, ukajisokota wenyewe kwa wenyewe hata tofali moja likawa halionekani. Watu wakausifu, na kinyozi, kama binadamu yeyote, akavimba kichwa.

Jina lake halisi wengi walishalisahau. Walimwita Kidogo. Si kwa umbo, maana alikuwa pande la mtu na tumbo lake mbele, bali kwa swali alilomuuliza kila aliyekaa kwenye kiti chake: "Nipunguze kidogo?" Hata aliyekuja kunyoa kipara, aliyesema waziwazi toa zote, alipunguzwa kwanza, akaonyeshwa kioo, akaulizwa kama inatosha. Akisema bado, akapunguzwa tena. Wapo waliosinzia, wakaamka, wakasinzia tena, na bado wana nywele kichwani.

Lakini tumtendee haki, alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi, alimnyoa bwana harusi asubuhi ya harusi yake, na kitana cha mashine kikachomoka bila yeye kujua. Mashine ikapita katikati ya kichwa mpaka kwenye ngozi, na baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kumalizia. Bwana harusi alitoka dukani kichwa kinang'aa kama sahani. Wanasema bibi harusi alipomwona alimuuliza mama yake huyu ni nani. Tangu siku ile Kidogo aliapa kwamba mkasi wake hautakwenda tena mbali hadi ashindwe kuurudisha, na kiapo hicho kikatoka dukani, kikaingia nyumbani, kikakaa.

Sasa mtu wa namna hii akaoa nani? Akaoa mshona nguo. Naye alikuwa mtu wa mkasi, lakini mkasi wa aina nyingine kabisa. Mama huyu alitandaza kitambaa mezani, akapima, akachora chaki, akabana pumzi, akakata kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Alisema ukisitasita, mkasi unatafuna kitambaa. Majirani walicheka kwamba nyumba ile ina mikasi miwili na mkataji mmoja.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, na kilikuwa na dirisha moja tu, lililotazama ua na ule ukuta. Miaka ya mwanzo mwanga uliingia tele, akashona mpaka jioni bila kuwasha taa. Kisha mtambaazi ukaanza kunenepa. Uliacha kuushika ukuta tu, ukajitokeza mbele kuelekea dirishani, kama mtu anayetaka kusikia wanasema nini ndani. Mkewe akaanza kuwasha taa alasiri. Baadaye akawasha adhuhuri. Mwishowe taa ile ikawa inawaka tangu anapofungua mlango.

"Mume wangu, hebu kata ule mti," alikuwa akisema.

"Nitaupunguza," Kidogo alikuwa akijibu, na kweli alitimiza. Alipanda ngazi na mkasi wa dukani na kitana, akachana majani, akasawazisha ncha, akashuka, akarudi nyuma hatua mbili tatu, akainamisha kichwa upande, akapanda tena. Na mmea unapenda sana kukatwa ncha. Mvua iliyofuata uliongeza matawi mawili pale ulipopoteza moja.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta kitambaa cha buluu iliyokoza, kizuri, zawadi aliyoletewa kutoka mbali, ashonewe vazi la kuagwa kazini. Mkewe Kidogo akapima, akachora, akabana pumzi, akakata. Alipokiinua kitambaa ndipo alipoona kuwa mkasi umefuata kivuli cha mkunjo badala ya mstari wa chaki, na kipande cha mbele kimepasuliwa kutoka shingoni hadi kifuani. Katika maisha yake yote ya ushonaji hakuwa ameharibu kitambaa cha mtu. Alizunguka maduka yote, asipate kinachofanana nacho. Mwalimu alimwambia amesamehe, lakini alisamehe kwa mdomo tu, na macho yalisema mengine.

Angerudi nyumbani akapiga kelele, Kidogo angejua la kufanya. Angekaa kimya mpaka zipite. Lakini mkewe hakupiga kelele. Aliweka mkasi wake na miwani yake kwenye mkoba, akafunga kile kitambaa kilichoharibika juu yake.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," alisema. "Ana baraza lenye mwanga. Nitarudi siku nitakayoweza kuona uzi ndani ya nyumba yangu."

"Utakaa sana?"

"Muulize mti wako."

Kidogo akadhani ni hasira za kupita. Siku za kwanza alijifanya anafurahia uhuru, akala alichotaka, akaacha viatu katikati ya mlango. Kisha akaanza kupika chai ya watu wawili na kuimwaga nusu. Akawa anarudi kutoka dukani na habari za wateja, habari tamu za kuvunja mbavu, na hana wa kumpa. Jioni moja aliingia kwenye kile chumba, akakaa kwenye kiti cha mkewe gizani, akapapasa ukuta kutafuta swichi asiipate. Alimkosa mkewe. Alimkosa sana, na aliogopa kwamba safari hii harudi.

Basi akaamua kufanya jambo. Alifunga duka, akapanda ngazi, akaufanyia ukuta ule kazi ambayo hajawahi kumfanyia mteja yeyote. Alinyoosha kingo kwa uzi. Alipunguza pande, akaacha juu pamejaa kidogo, akachonga pembe kama za kijana anayekwenda kupiga picha. Alipomaliza, wapita njia walisimama kutazama, na mmoja alimuuliza kama ananyoa na majumba mengine.

Mkewe alikuja siku chache baadaye kuchukua uzi mweusi. Kidogo alisimama kando ya ukuta kama mwanafunzi anayesubiri maksi. Mama akautazama ukuta. Akaingia chumbani, akawasha taa, akachukua uzi, akazima taa, akatoka.

"Umeunyoa vizuri," alisema. "Kinyozi ni kinyozi."

Akaenda zake. Kidogo alibaki amesimama pale, sifa imemkaa kooni kama mfupa. Wapita njia walikuwa wamepata cha kutazama, na mkewe ilimbidi awashe taa mchana kweupe ili aone uzi.

Kesho yake mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti chake alikuwa mwashi, yule aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa. Kidogo alimfunga shuka shingoni, akasahau hata kuuliza swali lake, akaanza kumweleza habari za mkewe na ukuta.

"Nitauvuta ule mti wote, niung'oe," alisema.

"Usithubutu!" Mwashi aligeuka ghafla hadi mkasi ukaogopa. "Ule mti umeingiza vidole ndani ya plasta. Ukiuvuta ukiwa hai, utakuja na ukuta. Kata shina chini, uuache ufe umesimama. Ukishakauka, vidole vinalegea, ndipo uvute."

"Na ukuta utabaki umesimama?"

"Hapo sikudanganyi, mzee. Huenda mti ndio unaoubomoa ukuta, huenda ndio unaoushikilia. Utajua ukishautoa."

Jibu hilo halikumsaidia Kidogo hata chembe. Upande wa pili wa ukuta alikaa Dereva, aliyestaafu malori na sasa anafuga kuku. Kidogo aliona picha yote mbele yake: mti umekufa, ukuta umelala juu ya mabanda ya watu, na mke bado yuko kwa mdogo wake. Alikuwa mtu wa kumuuliza kila mtu kama inatosha, na sasa alitakiwa kukata mara moja kitu ambacho hakirudi. Alizunguka na wazo hilo siku nzima. Halafu akajipiga moyo konde, akaazima msumeno.

Alipofyeka majani ya chini alikutana na shina nene kama paja la mtu mzima. Hakuwa ameliona kwa miaka. Kichwa cha Dereva kilichomoza juu ya ukuta, katikati ya majani.

"Jirani, leo unanyoa au unachinja?"

"Nakata."

"Unapunguza?"

"Nimesema nakata."

Kidogo akaweka msumeno kwenye shina, akautoa, akapima juu kidogo, akautoa, akapima chini kidogo. Jasho lilimtiririka na kazi haijaanza.

"Kata bwana!" Dereva alipiga kelele. "Umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, gari litakwendaje?"

Kidogo akafumba macho, akavuta msumeno. Akavuta tena. Hakusimama mpaka uliposhuka kwenye udongo. Kisha alikaa chini, akasubiri kitu kitokee, na hakikutokea kitu. Mtambaazi ulibaki kijani vilevile, kama haujapata habari.

Habari iliufikia baada ya siku kadhaa. Majani yalilegea, yakawa manjano, yakawa kahawia, yakaanza kudondoka na kuingia mpaka dukani. Ukuta uliokuwa fahari ya mtaa ukawa kama mgonjwa aliyetolewa nje kuota jua. Wateja walimuuliza kama kuna msiba. Mgeni mmoja alipita mara tatu akitafuta ukuta wenye nywele, asiupate, akaenda kunyolewa kwingine. Kidogo alikuwa akitoka kila asubuhi kuutazama, moyo unamuuma, akijiambia kuwa sasa hata akitaka kurudi nyuma hawezi.

Kumpigia mkewe simu hakuthubutu, maana angeulizwa, na angelazimika kusema bado. Lakini shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, alipiga mwenyewe.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," alisema kwa furaha. "Dada mzima kabisa. Anashona mpaka majirani wanapanga foleni barazani. Naona ameshazoea huku."

Ameshazoea. Kidogo aliagana naye vizuri, akaweka simu, akakaa. Neno lile lilimtoa jasho kuliko msumeno.

Siku ya kuvuta, Dereva alihamisha kuku wake na kiti chake, akaja na kamba nene aliyokuwa akifungia mizigo ya lori. Walifunga matawi ya juu, wakashika kamba wote wawili, mmoja kinyozi mwenye tumbo, mwingine dereva mwenye goti bovu, wakahesabu kwa sauti wakavuta. Mara ya kwanza hakuna kilichosogea. Mara ya pili kulisikika mchaniko mrefu, na zulia zima la matawi makavu likajibandua kutoka juu, likaja taratibu, kisha likaja haraka, wazee wakaachia kamba wakakimbia. Liliangukia uani kwa kishindo. Vumbi likapanda, hawakuonana.

Kidogo hakuuliza kama Dereva ni mzima. Mungu amsamehe, aliuliza, "Ukuta upo?"

"Ngoja vumbi litue."

Vumbi likatua. Ukuta ulikuwepo. Ulikuwa umebanduka plasta hapa na pale, umejaa alama za vidole vya mti kama umekwaruzwa na paka elfu, na una ufa mmoja kutoka juu hadi katikati, lakini umesimama wima. Mwashi aliitwa, akaugonga kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio kama daktari.

"Mzima," alisema. "Umetafunwa ngozi tu. Huo ufa tutauziba."

Kidogo alikaa juu ya rundo la matawi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda hakujua kama bado ni kicheko. Mzigo aliokuwa ameubeba kifuani tangu mkewe aondoke ulishuka nusu yake pale pale. Dereva naye alikuwa akifukua rundo kwa fimbo, akitoa mipira ya watoto, ndala moja, viota vikavu. Ghafla akapiga ukelele.

"Fulana yangu!"

Aliinua kitambaa kilichooza, chenye mikono miwili. Upepo uliinyakua kutoka kambani miaka mingi iliyopita, na kwa miaka yote hiyo Dereva alikuwa hamsalimii mpangaji wa nyumba ya pili, akimshuku wazi wazi kuwa ndiye aliyeiiba. Aliishika ile fulana, akakuna kichwa. "Sasa itabidi nimsalimie," alisema kwa huzuni.

Kidogo aliingia ndani kunawa, akapita mbele ya mlango wa chumba cha mkewe, akasimama. Aliona rangi ya sakafu. Alikuwa amesahau kuwa ni nyekundu. Aliona vipande vya nyuzi vilivyonasa kwenye nyufa za meza, aliona chaki zilizoisha, na kuizunguka swichi ya taa aliona doa jeusi pana la vidole. Ni vidole vya mtu aliyeingia humo kila siku akatafuta mwanga kwanza ndipo atafute kazi. Kidogo aliona aibu, aibu ya kweli, akiwa peke yake mlangoni na mikono michafu. Kesho yake, mwashi alipomaliza kuziba ufa, Kidogo alinunua chokaa akaupaka ukuta mwenyewe, mweupe pe, mara mbili, ili jua likiupiga lirudi dirishani.

Ndipo akavaa shati safi akaenda kwa shemeji yake.

Alimkuta mkewe barazani, jua limemjaa mapajani, cherehani inalia, wanawake wamekaa na vitambaa vyao wakisubiri zamu. Alionekana amependeza. Alionekana kama mtu asiyekosa kitu, na Kidogo nusura ageuze.

"Umekuja," mkewe alisema bila kusimamisha mguu.

"Nimekata."

"Kiasi gani?"

"Wote. Shina na vyote."

Mguu ukasimama. Wanawake wote wakainua macho.

"Wewe?"

"Mimi."

Shemeji yake alitokea mlangoni ameshika mwiko. "Shemeji! Na nani alikushikia kioo?" Baraza zima likacheka, na Kidogo akacheka nao kwa adabu.

Mkewe hakucheka. Alivua miwani. "Nitakuja kuangalia," alisema. "Kuangalia tu." Akaacha kila kitu pale pale barazani, mkoba, mkasi, vitambaa vya watu, akaondoka mikono mitupu. Kidogo aliona hayo yote, na njia nzima alitembea roho mkononi.

Waliingia uani. Dereva alikuwa amechomoza kichwa juu ya ukuta akijifanya anatazama mawingu. Mama akautupia ukuta jicho moja, akapita, akaingia chumbani. Kidogo alibaki kizingitini. Hakuthubutu kuuliza kitu. Mkewe alisimama katikati ya chumba, mwanga mweupe umejaa mpaka kwenye pembe, akapitisha kiganja juu ya meza, akatazama sakafu, akatazama nje.

"Pale mwisho, mbali na dirisha," alisema hatimaye, "pangefaa waridi moja fupi. Nitalikata mimi."

"Utalikata wewe," Kidogo alikubali haraka.

Kisha mkewe aligeuka, na mwanga ukampiga Kidogo usoni. Mama akasogea karibu. Akamtazama kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, kama kitambaa kilicholetwa kabla ya kupimwa.

"Umezeeka, mume wangu," alisema polepole. "Umezeeka lini?"

"Humu humu ndani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo kwenye meza. Umeinama, umewasha taa."

Mama alishika ukingo wa meza. Alionekana kama anataka kulia, kikatoka kicheko. "Na mimi je? Sema kweli."

Kidogo alimtazama. Alitazama kwa makini, kama alivyotazama vichwa vya watu maisha yake yote, na alichokiona kilimfanya ashike mwimo wa mlango.

"Una mvi," alisema. "Zote hizi, pembeni mpaka nyuma. Mimi sikuwa nimeziona."

"Kinyozi mzima!"

"Kinyozi mzima."

Wakatazamana, watu wawili wazima katika chumba cheupe, kila mmoja akimsoma mwenzake kama aliyetoka safari ndefu. Mama alimfuta vumbi la chokaa lililobaki sikioni. Halafu akanyoosha mkono, akaomba simu.

"Mdogo wangu," alisema ilipopokelewa, macho bado yapo kwa mumewe. "Waambie wale walete vitambaa vyao huku. Na jioni usinipikie."